Baiti Ishirini na Mbili

Saa tatu na robo asubuhi, Ijumaa moja ya Novemba mwaka 1984, gari jekundu lilikwama kwenye Kona ya Kanisa, na Clifford Midgley akatoa tusi ambalo lingemfanya mama yake amtoe nyumbani kwa ufagio.

Gari lenyewe halikuwa la kweli. Clifford hakuwa na leseni hata ya baiskeli. Lilikuwa gari la kwenye skrini, fupi kuliko kidole gumba, na lilikuwa limeteremka mlima wa Cragg kona baada ya kona bila shida yoyote, likaja kuganda pale mwishoni, hatua chache kabla ya bendera. Tena kuganda kwelikweli. Vitufe havijibu, sauti hakuna, kompyuta imegeuka ubao. Tatizo lilitokea pale tu gari jingine lilipokuwa mbele yako kwenye kona ile, ndiyo maana kwa miezi mitano hakuna aliyelijua.

"Profesa!" Bwana Crabtree aliita kutoka chini. "Saa nne na nusu naondoka! Usiponipa kaseti nitawapelekea soksi zangu!"

Desmond Crabtree alikuwa muuza televisheni katikati ya mji wa Halifax. Alipoona vijana wanapita televisheni zake bila kuzitazama na kwenda kununua kaseti za michezo ya kompyuta, akasema basi na mimi nitatengeneza hizo kaseti. Akapanda ghorofani kwenye stoo ya maboksi, akaweka meza mbili, birika moja na hita inayonuka, akabandika mlangoni karatasi iliyoandikwa STUDIO. Wafanyakazi walikuwa wawili tu: Clifford aliyeandika programu, na Glenda Ackroyd aliyechora. Mchezo waliokuwa wakiutengeneza uliitwa Cragg, mbio za magari kuteremka barabara ya mlimani, na kaseti mama ilitakiwa iwe kiwandani, kule wanakonakili, kabla ya saa sita mchana. Ikichelewa, zamu yao anapewa mwingine, na Krismasi imewapita. Studio ya pili Crabtree hakuwa na nia ya kufungua. Hilo alilisema kila siku akinywa chai.

Clifford aliona kosa lilipo ndani ya dakika kumi. Huyo bwana alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Kulirekebisha kulihitaji maagizo machache tu, baiti kumi na tisa. Baiti moja ni nafasi ya herufi moja. Kumi na tisa ni kitu gani? Hata salamu ya kadi ya Krismasi huzizidi. Lakini kompyuta ile ndogo nyeusi ya vitufe vya mpira ilikuwa imeshajazwa mpaka kwenye kizibo. Kila baiti aliipigania mwenyewe, akabana hapa, akakunja pale, akaifanya kazi moja ifanye kazi mbili. Haikubaki hata moja iliyokaa bure.

Akatafuta cha kutoa. Jina lake mwenyewe lilikuwemo, lakini lile alikuwa amelifanya ufunguo: programu nzima ilifunguka kwa kusoma herufi zake, ili wezi wa kunakili wasiifungue. Ukiligusa hilo, unaanza upya wiki nzima. Kulikuwa na tarumbeta ya ushindi, mlio mfupi unaolia ukivuka bendera. Baiti thelathini na moja. Ile alikuwa ameitengeneza kwa siku tatu, kwenye kompyuta isiyojua kulia zaidi ya kulalama kama mbu, na alipofanikiwa alimpigia Glenda mara arobaini mpaka akamrushia kifutio. Akaiangalia tarumbeta, akasema moyoni, hapana, mchezo wa mbio bila tarumbeta ni nini sasa?

Halafu kulikuwa na mstari mmoja kwenye skrini ya mwanzo, wa njano, peke yake chini ya kichwa cha mchezo. GLENDA ACKROYD. Herufi kumi na nne ukihesabu na nafasi ya katikati. Tatu za kueleza mahali pa kuandikwa, mbili za rangi ya wino, mbili za rangi ya nyuma, moja ya kufungia. Ishirini na mbili.

Akalifuta. Jamani, sitaki kusema alisita, maana hakusita. Alilifuta kama unavyofuta makombo mezani, akaandika maagizo yake kumi na tisa, akajaribu, gari likapita Kona ya Kanisa na jingine mbele yake, likavuka bendera, tarumbeta ikalia. Clifford akaruka kutoka kwenye kiti. Alikuwa na furaha, na furaha hiyo ilikuwa safi kabisa. Baiti tatu zimebaki! Akarekodi kaseti mama, akaisikiliza tena kuhakiki, akaiandika tarehe kwa kalamu.

Sasa lazima niwaambie jina lile lilikuwa jina gani, ili mjue amefanya nini.

Glenda alikuwa amefanya kazi miaka sita kwenye chumba cha michoro cha kiwanda cha mazulia. Kule mchoraji hukaa na karatasi ya miraba midogo midogo na kuipaka rangi mraba kwa mraba, na kila mraba ni fundo moja la sufu. Kiwanda kilipofungwa alikaa nyumbani, akasafisha ofisi za watu, akachoka. Siku Clifford alipomwonyesha jinsi picha ya kompyuta inavyotengenezwa kwa nukta, alicheka mpaka akashika meza. "We Clifford, hili ni zulia!" alisema. Wachoraji wengine waliilalamikia kompyuta ile, maana kila mraba ulikubali rangi mbili tu, ukiweka ya tatu zote zinaharibika. Glenda alisema kiwandani alikuwa na bosi mbaya kuliko hiyo. Barabara ya Cragg aliichora yote kwenye karatasi za miraba. Walipanda basi yeye na Clifford mpaka juu, wakateremka kwa miguu na mvua ikiwanyeshea, yeye akiandika kila kona na kila ukuta wa mawe, Clifford akimshikia mwavuli na kumpenda bila kusema neno.

Baba yake, Wilfred Ackroyd, alikuwa amefuma mazulia miaka arobaini na moja kwenye kiwanda kile kile. Vumbi la sufu lilikuwa limemkaa kifuani, na mwaka ule alikuwa hapandi tena ngazi. Kitanda chake kilishushwa sebuleni karibu na moto. Clifford alipokwenda kunywa chai pale kwa mara ya kwanza, mzee alimweleza mazulia yake yalipo, kwenye meli za kifahari, kwenye hoteli za London, kwenye ukumbi mmoja ambao Malkia mwenyewe alipita na viatu vyake.

"Na hakuna hata moja lenye jina langu," alisema. "Wala la Glenda. Mchoro wake ulikuwa Muundo Namba 4417. Nilimfuma mwanangu nikimwita namba."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, lakini Glenda aliinuka akaenda kuangalia birika ambalo halikuwa linachemka.

Hapo ndipo Clifford alipojitia ushujaa. "Mzee Ackroyd," akasema, "huu wa kwetu utakuwa na jina. La Glenda litatokea kabla gari lolote halijawasha injini. La njano, peke yake. Nakuapia."

"La njano," mzee alirudia, akamtazama Clifford muda mrefu. "Basi sifi mpaka nilione."

Wakacheka wote watatu. Ndilo jina alilolifuta.

Saa nne na dakika arobaini Glenda alipanda ngazi amebeba keki ya tangawizi aliyooka mwenyewe, bado ya moto, imefungwa kwa taulo la jikoni. Alikuta kaseti imeshakwenda, Crabtree ameshaondoka akipiga honi kama harusi, na Clifford anacheza peke yake katikati ya chumba.

"Iliganda!" Clifford alimwambia. "Kona ya Kanisa! Nikadhani tumekwisha. Nikapata baiti ishirini na mbili, Glenda. Ishirini na mbili!"

"We! Umezipata wapi? Juzi ulisema hamna hata moja."

"Hapa na pale," alisema Clifford.

Na hapo, kinywa chake kikiwa bado wazi, ndipo alipoelewa. Si wakati wa kufuta. Ni wakati ule wa kusema hapa na pale, akimwona anakata keki na kumchagulia kipande cha pembeni, kile kigumu alichokipenda. Angesema pale pale! Crabtree alikuwa hajafika hata nje ya mji, na kiwandani kulikuwa na simu. Lakini alichukua keki akaila, akasema tamu.

Alijiambia atasema Jumatatu. Jumatatu Glenda alikuja na habari kwamba baba ameamka vizuri, ikawa aibu kumharibia. Alijiambia atasema kaseti zikirudi. Alijiambia toleo la pili litakuwa nalo, na kwamba mtu mzima ataelewa, kazi ni kazi, kumbukumbu ikijaa imejaa. Usiku hakulala, mchana hakula. Crabtree alimwuliza kama ana minyoo.

"Hapana, Bwana Crabtree."

"Basi ni mapenzi. Minyoo ina dawa."

Wiki ya pili ya Desemba kaseti ziliingia madukani, na Glenda akamwambia, "Jumamosi mchana uje nyumbani. Baba anataka kuuona mchezo, nami jina sijalitazama bado, nilitaka nilione naye. Amesema hata mieleka ya kwenye televisheni ataiacha, na baba haachi mieleka hata kwa mazishi." Kisha, kwa sauti ndogo, "Daktari amesema tusipange mambo ya mbali, Cliff."

Ijumaa hiyo Clifford alifanya lile alilopaswa kulifanya mwezi mmoja nyuma. Aliitoa tarumbeta. Ilimchukua dakika nne. Akalirudisha jina mahali pake, la njano, akajaribu mara sita, akarekodi kaseti moja na kuiingiza kwenye boksi lenye jalada halisi. Haikuwa na tofauti na nyingine yoyote kwa nje. Jumamosi akaitia mfukoni mwa koti, akaenda kwa Ackroyd akitembea haraka, na njia nzima alikuwa karibu na furaha. Atawawekea hii. Mzee ataona, Glenda ataona, na hakuna atakayejua kitu.

Sebule ilikuwa na joto la makaa na harufu ya dawa ya kifua. Mzee Wilfred alikuwa amekalishwa kwa mito mitatu, amevaa tai. Ndiyo, tai, juu ya pajama. Kompyuta ilikuwa imeshaunganishwa kwenye televisheni, na Glenda alikuwa amepiga magoti mbele ya redio kaseti akirekebisha sauti.

"Nimeleta yangu," Clifford alisema, akaitoa. "Tutumie hii. Imerekodiwa vizuri zaidi."

"Baba amenituma dukani asubuhi," alisema Glenda. Aliinua boksi jipya, bado lina karatasi yake ya kung'aa. "Amekataa ya bure. Nilipanga foleni kwenye duka letu wenyewe, Crabtree akataka kunipa bure, nikamwambia hapana, nikatie risiti."

"Lakini hii ya kwangu…"

"Kijana," mzee aliita kutoka kitandani. Alivuta pumzi kwanza, maana kila sentensi aliilipia. "Nimeona vitu vingi vya mezani kwa fundi. Nataka ile waliyonayo watu."

"Mzee, zinafanana kabisa."

"Basi weka ya watu."

Hapo angeweza kumwangusha Glenda kwa bega, akaangusha chai juu ya kaseti, akajifanya ameugua. Mtu mwoga ana njia elfu. Clifford hakupata hata moja. Alisimama na kaseti yake mkononi, akamwangalia Glenda akichana ile karatasi ya kung'aa taratibu ili isipasuke, kama anayetaka kuitunza.

Kaseti ilianza kupiga kelele zake, ile milio ya kukwaruza ya programu ikiingia, na mistari ya rangi ikatetemeka pembeni mwa skrini. Dakika tano. Mzee aliuliza kama ndiyo muziki wenyewe, na Glenda akacheka akasema hapana Baba, hiyo ni barabara inaingia. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amemshika baba yake mkono. Clifford alikuwa amesimama nyuma yao karibu na mlango, anahesabu. Alijua dakika ya ngapi ramani inaingia, na ya ngapi kuta za mawe. Alijua dakika ambayo jina lingekuwa linapita.

Kelele zikakoma. Skrini ikawa nyeusi, kisha kichwa kikatokea, CRAGG, kwa herufi nyekundu ambazo Glenda alizikata kama zimechongwa kwenye jiwe. Chini yake, giza.

Wakangoja. Glenda alidhani linachelewa. Alisogea mbele kidogo.

"Liko wapi?" mzee aliuliza. "Miwani yangu, Glen."

"Umeivaa, Baba."

Akageuka akamtazama Clifford. Hakukasirika bado. Alikuwa anamwuliza tu kwa macho, kama unavyomwuliza fundi kwa nini taa haiwaki, na Clifford, Mungu amsamehe, akajibu kama fundi.

"Ni ile siku ya kuganda," alisema. "Kona ya Kanisa. Nilihitaji baiti kumi na tisa na kumbukumbu ilikuwa imejaa. Ule mstari ulikuwa na ishirini na mbili. Ilikuwa lazima kitu kitoke, Glenda. Toleo la pili…"

"Hapa na pale," Glenda alisema.

Mimi sikuwepo, nilisimuliwa. Ni mzee aliyejibu. Alimpapasa binti yake mkono. "Zulia nalo halina jina, mwanangu," akasema, "na watu wanatembea juu yake vizuri tu. Hebu endesha. Nione barabara yako."

Akaendesha. Akagonga ukuta wa kwanza, akaanza tena. Na barabara ikateremka kuelekea kwao, kona kwa kona, na mzee Wilfred akainuka kwenye mito yake. Aliijua! Aliteremka pale kwa baiskeli akiwa na miaka kumi na tisa, bila breki, akimfuata msichana aliyekuja kuwa mama wa Glenda. "Hapo kuna mkondo wa maji," alisema. "Umeuchora. Na hapo lango la yule mkulima mkorofi. Umechora mpaka lango lake bovu!" Alikuwa anacheka na kukohoa kwa pamoja. Glenda machozi yalikuwa yanamshuka, hakuyafuta, maana mikono ilikuwa kazini. Ikaja Kona ya Kanisa, gari jingine mbele yake, akalipita bila kuganda, akavuka bendera.

Na tarumbeta ikalia.

Ililia yote, mpaka mwisho, nzuri na ndefu kwenye sebule ile ndogo. Glenda aliondoa mikono kwenye vitufe. Hakugeuka.

"Hiyo ni baiti ngapi, Clifford?"

Angeweza kusema sijui. Angeweza kusema nisamehe. Lakini ndivyo alivyo mtu wa kazi ile, ukimwuliza namba anakupa namba, tena sahihi.

"Thelathini na moja," alisema.

Glenda aliitikia kwa kichwa polepole, kama aliyethibitishiwa jambo dukani. Akamwambia kwa adabu kwamba Baba sasa anahitaji kupumzika, akampa skafu yake, akamfungulia mlango. Kaseti aliyoileta ilikuwa bado mkononi mwake alipofika kituo cha basi.

Glenda hakurudi kazini. Crabtree alituma barua mbili, akaenda mwenyewe na chupa ya mvinyo mtamu, akarudi nayo. "Umemfanya nini yule binti?" alimwuliza Clifford, na kwa mara ya kwanza hakumwita profesa. Clifford akamweleza. Crabtree alikaa juu ya boksi la televisheni. "Lakini ungeniambia," alisema. "Ningegeuza gari. Unajua kwamba ningegeuza gari?"

Clifford alikuwa hajui. Hilo lilimuuma kuliko kama angetukanwa.

Mchezo ulipendwa. Magazeti ya kompyuta yalisifu kona, yalisifu kuta za mawe, moja likaandika kwamba mchoraji, yeyote yule, ana jicho la ajabu. Clifford alilisoma neno lile, yeyote yule, akalikunja gazeti akalisukuma chini ya meza. Mwishoni mwa Januari Crabtree alisema wananakili tena, na Clifford hakuomba ruhusa. Alitoa tarumbeta, akalirudisha jina, akarekodi kaseti, akaituma kwa posta nyumbani kwa Ackroyd na karatasi yenye maneno machache: Toleo la pili. Limo. Nisamehe.

Kaseti mama ilikuwa iende kiwandani Alhamisi. Jumatano mchana alisikia hatua kwenye ngazi, akazijua, akasimama mpaka kiti kikaanguka.

Glenda alikuwa amevaa koti jeusi la kuazima, pana mabegani. Akaweka ile kaseti mezani.

"Tumemzika Baba Jumatatu," alisema. "Hii ilifika Jumanne."

"Glenda. Pole. Sikujua, ningekuja, ninge…"

"Najua ungekuja. Ndiyo maana sikukuambia." Alivuta kiti chake cha zamani akakaa, si kwa kustarehe, bali kama mtu aliyetembea mbali. "Aliucheza, unajua? Ule wa dukani. Kila siku mpaka vidole vilipokataa, halafu nikawa namchezea mimi, yeye anasema kata kushoto, kata kulia. Kila mgeni akija, nesi, padri, mtu wa makaa, anaambiwa keti uone barabara ya Glen. Hakulitaja jina tena. Hata mara moja."

Clifford akakiinua kile kiti kilichoanguka, akakaa.

"Sasa unaniletea huu," alisema, akaigusa kaseti kwa ncha ya kidole. "Mzuri zaidi. Wenye jina. Ambao yeye hakuuona. Uende kwa watu wote, Clifford? Kila mtoto wa Uingereza auone, isipokuwa yeye?"

"Nilitaka kurekebisha."

"Lifute."

"Glenda, ni haki yako. Ni kazi yako."

"Ni yangu, na nimesema lifute. Ubaki ule aliouona." Akaisukuma kaseti kwake. "Mbele yangu."

Clifford aliwasha kompyuta. Akaingiza programu, dakika zile tano za kelele, na wote wawili wakazisikiliza bila kutazamana. Kichwa kikatokea, na chini yake, kwa njano, peke yake, GLENDA ACKROYD. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho yeye kuliona pale. Alilitazama muda mrefu. Clifford alimtazama yeye, na maneno aliyoyabeba tangu siku ya mwavuli yakamfika mdomoni.

"Glenda, mimi siku zote nili…"

"Najua," alisema. "Nilijua tangu siku ile ya mvua. Ungekuwa mtu baki, nisingeumia hivi."

Akafungua orodha ya maagizo, akautafuta mstari, akauwekea alama aufute wote kwa mkupuo kama alivyofanya mara ya kwanza.

"Hapana," Glenda alisema. "Moja moja."

Akaanza na D ya mwisho. Ikaondoka. Ikafuata Y, kisha O. Ilipofika nafasi ya katikati, ile isiyo na herufi, alisimamisha kidole akadhani ataachwa apumzike, lakini hakuachwa, basi akaendelea. A. D. N. Akakosea kitufe, ikabidi airudishe herufi moja aliyokwisha kuitoa, na kuitoa upya. Alikuwa analia, na hakuna aliyemnyamazisha. G ilipotoka alizitoa na zile nane za rangi na mahali, akairudisha tarumbeta mahali pake.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Glenda akainuka, akafunga vifungo vya lile koti la kuazima mpaka shingoni. Alimwambia ale vizuri, amekonda. Kisha akateremka ngazi, na Clifford akamsikia akimuaga Crabtree chini, mlango wa duka ukafunguka na kufungwa.

Alhamisi saa nne na nusu Crabtree alipanda mwenyewe kuichukua kaseti.